Ufuo wa Ziwa si Shamba la Vigogo

Wanamageuzi wa Migori na Homa Bay, pamoja nanyi ndugu waumini wa makanisa yote: aliyepigania haki ya kupiga kura hana budi kuuliza pia kura hiyo ililipiwa kwa mali ya nani. Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa mnamo Desemba 1991, na vyama vingi vikarejea, wengi waliamini kwamba mali ya umma imepata walinzi. Kumbe walafi walikuwa wamepata soko jipya. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa 2003 na kutoa ripoti yake 2004, ilikadiria kwamba hatimiliki haramu zipatazo 200,000 zilitolewa baina ya 1962 na 2002. Iligundua vilevile kwamba ugawaji huo ulishika kasi kabla ya chaguzi za 1992, 1997 na 2002, na mara tu baada ya chaguzi hizo. Misitu, vinamasi, kingo za mito na maziwa, makavazi na viwanja vya taasisi za serikali vilitolewa kama mtu agawavyo peremende kwa watoto. Kiwanja kilikuwa zawadi ya uaminifu wa kisiasa.

Twaikumbusha historia hii kwa sababu ardhi inayotamaniwa zaidi leo ni ile iliyo kando ya maji. Yaliyozipata fuo za Mombasa, Diani na Malindi hayawezi kukosa kuzifikia fuo za Ziwa Viktoria. Mwekezaji atafutaye mahali pa kujenga hoteli au majumba ya mapumziko huutazama ufuo, na jicho lake hutua kwanza penye ardhi pana, tulivu, yenye miti, isiyo na mwenye nyumba wa kupiga mayowe usiku. Mahali pa namna hiyo mara nyingi ni kituo cha utafiti, hifadhi, bandari ya wavuvi au kinamasi cha mafunjo. Hatumshtaki mtu yeyote kwa jina. Twasema tu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hebu tutazame kilichopo Mbita. Marehemu Profesa Thomas Odhiambo aliasisi mwaka 1970 kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, na tawi lake la Mbita, lililo ukingoni mwa ziwa, limepewa jina lake. Hapo ndipo ilipokuzwa mbinu ya kilimo iitwayo sukuma-vuta. Mkulima hupanda desmodiamu baina ya mistari ya mahindi, na matete ya mifugo kuuzunguka mpaka wa shamba. Desmodiamu huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, matete huwavuta nje ya shamba, na desmodiamu hiyohiyo huliangamiza gugu ambalo wakulima wetu huliita kayongo. Mama mjane asiye na fedha za dawa amevuna magunia zaidi kwa sababu ya kazi hiyo. Katika kisiwa cha Rusinga, utafiti wa mitego ya mbu yenye kutumia umeme wa jua, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba malaria ilipungua kwa karibu asilimia 30 penye mitego hiyo. Utafiti kama huo hauhamishiki. Mbu wa ziwani huchunguzwa ziwani. Kituo kikiondolewa ufuoni ili nafasi ipatikane kwa bwawa la kuogelea, kinachopotea ni maarifa ya miaka mingi, na hakuna fidia ya fedha iwezayo kuyarudisha.

Tena kuna hifadhi ya Ruma katika bonde la Lambwe, iliyotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983, ambayo ndiyo makao ya mwisho ya swala aina ya korongo katika Kenya nzima. Kuna Thimlich Ohinga katika Migori, boma la mawe la mababu, lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuna mafunjo ya ukingoni, ambamo samaki hutaga na matope ya mito huchujwa kabla ya kuingia ziwani. Hivi vyote ni akiba ya watu wasio na akiba nyingine.

Watetezi wa ujenzi hutuuliza: je, mwataka vijana wenu wakose kazi? Swali hili ni la haki na lastahili jibu la haki. Hakuna mwenyeji anayechukia hoteli. Mwenye fedha na anunue shamba kwa bei ya haki, kwa mwenye shamba, ajenge mbali na maji, aajiri vijana wetu, na mlango wa kwenda ziwani ubaki wazi kwa mvuvi na kwa mama anikaye omena. Tunachokataa ni ujenzi unaoanza kwa kuiba. Twakataa pia ujenzi usiosikiliza maji. Tuta lililounganisha Mbita na Rusinga katika miaka ya 1980 liliuziba mkondo wa ziwa, na baadaye ikalazimu daraja lijengwe ili maji yapite tena. Mwaka 2020 ziwa lilifurika, likameza fuo na nyumba za watu katika kaunti zetu zote mbili. Ziwa lina mpaka wake, na halisomi hatimiliki ya mtu.

Ndugu msomaji, sheria ya leo si ile ya 1992. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 62, imeyaweka maziwa na mito katika ardhi ya umma. Kifungu cha 40(6) chasema kwamba ulinzi wa mali hauihusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Mnamo Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliyatia maneno hayo nguvu katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja cha ufuoni Nyali, kilichokuwa nafasi ya umma, kiligawiwa Rais Moi mwaka 1989, kisha kikapita mikononi mwa wengine hadi kikaifikia kampuni hiyo. Mwaka 2017 kaunti iliubomoa ukuta ili kuifungua njia ya kwenda baharini. Mahakama iliamua kwamba, kwa kuwa ugawaji wa kwanza ulikuwa na kasoro, mnunuzi wa baadaye hakuwa na haki ya kulindwa, hata kama alishika hatimiliki mkononi. Karatasi haiutakasi wizi. Kila anayeshawishiwa kununua kiwanja cha bei nafuu kando ya ziwa na ayasikie maneno hayo mapema.

Lakini sheria haijisomi yenyewe. Basi twawaomba mambo matatu. Kwanza, kila kamati ya haki na amani kanisani, pamoja na kila kamati ya ufuo ya wavuvi, iandike orodha ya ardhi ya umma iliyo katika eneo lake, kisha iombe kwa barua nakala za sajili. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu katika muda wa siku 21. Pili, tangazo la mradi lipotolewa na NEMA, watu waandike maoni yao na wahifadhi nakala. Wenyeji wa Lamu walifanya hivyo, na mwaka 2019 baraza la rufaa la mazingira liliifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Anayetaka kuipinga leseni afike mbele ya baraza hilo kabla ya siku 60 kupita. Tatu, msiogope mahakama. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kuyatetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Kwa makanisa tuna neno la pekee. Mwaka 1990, wakati kutaja vyama vingi kulikuwa hatari, Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini aliyasema hadharani yale ambayo wengine waliyanong'ona. Kanisa lililothubutu wakati huo lisinyamaze sasa kwa sababu mnyakuzi ni muumini mwenzetu atoaye mchango mnono siku ya harambee. Nanyi mnaijua habari ya Nabothi. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu kwa kuwa lilikuwa karibu na jumba lake, na Yezebeli akalipata kwa barua zenye muhuri na mashahidi wa uongo. Nyaraka zote zilikuwa sawa. Aliyekosekana ni mzee mmoja wa mji wa kuikataa barua ile, na nabii Eliya alifika Nabothi akiwa amekwisha kuuawa.

Sisi twataka sauti itangulie kaburi. Msisubiri vigingi vipigwe ufuoni ndipo mkusanyike kuomba. Ombeni, kisha nendeni ofisi ya ardhi Jumatatu asubuhi.