Mwanya Mpana Haujazwi kwa Nondo



Iko desturi mbaya inayojulikana popote chuma kinapochomelewa, na karakana za Kitale na Bungoma hazikuepukana nayo. Bamba limeviringishwa kutengeneza tangi la kompresa au boila ndogo. Ncha zake zikikutanishwa, badala ya mwanya wa milimita 2 au 3 unaonekana mwanya wa milimita 10. Mteja anangoja na msimamizi anahimiza. Basi huokotwa kipande cha nondo, kikashindiliwa katika mwanya, kikachomelewa kwa juu. Mshono husuguliwa kwa grainda na kupakwa rangi. Kwa macho, kazi imekwisha.

Sisi twasema kazi hiyo haijakwisha, na ni hatari. Lakini twasema pia kwamba lawama isitupwe juu ya mchomeleaji peke yake. Nondo ile hutiwa pale kwa sababu saa za kurekebisha hazilipwi.

Kwanza tupime nguvu yenyewe. Chukua tangi lenye kipenyo cha mita 1, na ndani yake presha ya kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba. Kifuniko chake husukumwa kwa nguvu ya karibu tani 80. Mshono wa duara unaokishika kifuniko hubeba kama tani 25 kwa kila mita. Mshono wa urefu, ule unaofunga bamba lililoviringishwa, hubeba mara mbili yake, kama tani 50 kwa kila mita. Na huo ndio mshono unaoachama bamba likikatwa fupi. Kosa la milimita 3 katika kipenyo huwa karibu milimita 10 katika mzunguko. Kosa dogo la mkataji humfikia mchomeleaji likiwa kubwa, tena mahali penye mzigo mzito kuliko pote.

Nondo iliyoshindiliwa haibebi tani hizo. Moto hauifikii chini, na takataka za rodi hubaki zimefungwa ubavuni mwake. Tena nondo ya kujengea nyumba haijulikani ina kaboni kiasi gani, na mahali pake panaweza kuwa pagumu na kupasuka. Kilichobaki kuzuia presha ni ngozi nyembamba ya juu.

Njia ya haki inajulikana. Kazi isimame, mwanya upimwe mwanzo hata mwisho, na mwenye dhamana ya mchoro aarifiwe. Ikiwa mwanya umezidi kiasi tu, ukingo wa bamba hujengwa kwanza: mstari juu ya mstari wa kuchomelea hulazwa juu ya ukingo huo, kila mstari ukisafishwa, bila kuunganisha pande mbili. Kisha ukingo husagwa kwa grainda mpaka urudi katika umbo na mwinamo wake, hukaguliwa kwa dawa ya kuonyesha nyufa, ndipo pande mbili zikutanishwe kwa mwanya unaotakiwa na kuchomelewa. Rodi za aina isiyotaka unyevu zitoke katika tanuri la kukaushia, si katika pakiti iliyolala wazi usiku kucha.

Mwanya ukiwa mkubwa sana, bamba likatwe na kutiwa kipande kipya cha chuma cha namna ile ile na unene ule ule, kilichokunjwa sawa, chenye mishono miwili kamili. Au bamba litupwe liviringishwe jingine. Kanuni za Wamarekani za chuma cha majengo zimeweka mpaka: kujenga ukingo kunaruhusiwa mradi mwanya usizidi mara mbili ya unene wa bamba jembamba, wala milimita 19, kwa kufuata kipimo kilicho kidogo. Zaidi ya hapo ni ruhusa ya injinia. Hayo ni ya majengo. Chombo cha presha kinataka uangalifu zaidi, si pungufu.

Wako wasemao, "Tutalijaza maji tulipime, likishika, ni zima." Kupima ni lazima, na kupima kwa maji ni salama kuliko kwa hewa, kwa kuwa hewa iliyobanwa hulipuka. Lakini maji huonyesha kwamba tangi limeshika leo. Hayaonyeshi ufa mdogo chini ya nondo, ambao utaongezeka kila presha inapopanda na kushuka.

Watu wa Brockton, Marekani, walilijua jambo hilo kwa msiba. Tarehe 20 Machi 1905 boila la kiwanda cha viatu cha Grover lililipuka, na watu 58 wakafa. Ufa ulikuwa umejificha katika mshono wa ribiti, mabamba yalipolaliana, mahali ambapo jicho la mkaguzi halifiki. Baada ya hapo jimbo la Massachusetts lilitunga kanuni za boila mwaka 1907, na kanuni za wahandisi wa Marekani zikatolewa mwaka 1915. Kanuni hizo zimelipiwa kwa roho za wafanya kazi.

Nasi ni watu wa mvuke. Reli ilifika Kitale mwaka 1926 na injini zake za makaa na kuni. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza kazi mwaka 1974, na cha sukari cha Nzoia mwaka 1978. Hakuna haja ya kungoja Brockton yetu.

Basi matakwa yetu ni haya:

1. Saa za kurekebisha mwanya zilipwe kama saa nyingine zote. Anayelipwa kwa kipande asikatwe kwa kosa la aliyepima au aliyekata.

2. Mwanya upimwe na kuandikwa kabla ya kuchomelewa, na msimamizi atie sahihi yake.

3. Tanuri la rodi, grainda na dawa ya nyufa vinunuliwe na mwajiri.

4. Asiyekubali kutia nondo asiadhibiwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi wajibu wa kumwarifu msimamizi wake juu ya hatari kubwa, na inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya jambo lisilo salama.

Ndugu zetu wa jua kali hawana mwajiri wa kudai kwake. Mwajiri wao ni mteja. Nao wakubaliane bei moja yenye saa za kurekebisha ndani yake, ili asiwepo anayenyang'anya kazi kwa bei ya nondo.

Tangi likipasuka halimtafuti mwenye karakana ofisini kwake. Humkuta kijana anayetia upepo magurudumu na mpishi aliye karibu na boila. Hao ni wafanya kazi kama sisi. Akikupa nondo uitie katika mwanya, iweke chini, upime, uandike kipimo, kisha umwite mjumbe wa chama.