TAHARIRI: BIMA YA AFYA NA ASIYE NA KITU



Habari za bima ya afya zinazungumzwa kilabuni na kisimani, na kila mtu ana yake. Wengine wanasema ni kodi iliyovaa nguo mpya. Siyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, nayo inataka kila mkazi awe na bima. Swali letu ni hili: nani atamlipia asiye na kitu, na sisi wengine tutalipa lini?

Tukumbuke tulikotoka. Uchangiaji katika hospitali za Serikali ulianza mwaka 1993. Mwaka 1996, kule Igunga, ukajaribiwa Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka na Serikali ikaongeza kiasi kilekile, ndiyo ile "tele kwa tele". Mwaka 2001 ikatungwa sheria. Mwaka 2018 mfuko ukaboreshwa: kwetu mikoani, kaya ya watu sita shilingi 30,000, na kadi ikafika mpaka hospitali ya mkoa. Mbona basi wengi hawakujiunga?

Kwanza, ilikuwa hiari, na sisi tuna tabia ya kutafuta kadi mgonjwa akiwa tayari kwenye baiskeli. Mfuko wa wagonjwa watupu hausimami, maana anayetibiwa leo analipiwa na mzima wa leo. Pili, mtu amelipa, anafika zahanati anaandikiwa dawa akanunue dukani. Huyo mwakani harudi, na mimi simlaumu. Tatu, msimu. Mwezi wa pili hakuna mwenye pesa hapa.

Wapo wanaosema watu walazimishwe tu. Kulazimisha pasipo dawa ni kuonea watu. Wengine wanasema Serikali ilipie wote. Sheria imekwisha taja vyanzo vya kuwasaidia wasio na uwezo: ushuru wa soda, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha na kadhalika. (Kumbe mnywa bia naye anajenga taifa!) Fedha hizo zibaki za maskini, zisihamishiwe kazi nyingine.

Lakini maskini ni nani? Hapa ndipo penye kazi. Orodha ikiandikwa ofisini, utaona majina ya mashemeji. Naona isomwe mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, anayepinga apinge hadharani. Najua kuna aibu. Mjane hapendi kuitwa fukara mbele za watu. Kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji aende kwanza nyumbani kumwuliza, na mkutanoni lisomwe jina tu, bila hadithi za njaa yake.

Sisi wenye pamba tukatwe kwenye malipo ya pamba, kwa awamu mbili, kila mtu aweke sahihi yake na apewe risiti. Majina ya mke na watoto yaandikwe palepale, maana pamba huuzwa kwa jina la baba hata kama palizi ni ya mama. Na hiyo hesabu ya watu sita tuiulize halmashauri ya wilaya: mwenye watoto wanane amwache nani?

Mkutano Mkuu wa ushirika utajadili makato haya kabla mizani haijafunguliwa. Mganga wa zahanati naye aje, atusomee dawa zilizokosekana mwaka huu na kwa miezi mingapi. Barua ya kumwita nitaandika mimi.

Katibu wa Tawi