Kagera Si Chimbuko

Bwana aliyeandika gazetini kwamba UKIMWI umezaliwa Kagera, kwa hoja kuwa wagonjwa 3 wa kwanza nchini walitambuliwa huku mwaka 1983, amechanganya mahali maradhi yalipoonekana na mahali yalipoanzia. Wazee wetu wa Bukoba na Muleba waliyaita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo kilichovuka mpaka wa Uganda. Virusi vya maradhi haya hujinakili kwa makosa mengi, na makosa hayo, yakihesabiwa, hudhihirisha nasaba yao: sokwe wa kusini-mashariki ya Kameruni, kisha Kinshasa ya miaka ya 1920. Ama sokwe wetu wa Gombe, ambao, kama ilivyothibitika mwaka 2009, nao huugua na kufa kwa virusi vya jamaa hiyo, si wao waliotuambukiza. Tulizika ndugu, lawama hatuipokei.