Kabla ya Kuitwa Kichaa, Aulizwe Anakula Nini

Pale Mlandege, mjini Iringa, unga wa sembe ndio wenye heshima. Pumba ni za kuku na nguruwe. Hivyo mifugo hupewa sehemu kubwa ya vitamini za kundi B zilizomo katika punje ya mahindi, nao watu hubakiwa na wanga. Hasara ya lishe duni hutajwa zaidi kwa miili: utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, katika ardhi inayolisha mikoa mingine. Kuhusu akili husemwa machache mno.

Ushahidi upo kwa majirani. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikosa karanga katika mgawo wao wa mahindi, na maelfu wakaugua pelagra, maradhi ya upungufu wa niasini. Ngozi hubabuka palipo na jua, tumbo huharisha. Asipotibiwa, mgonjwa huingiwa na huzuni, hukosa usingizi, kisha huchanganyikiwa. Niasini ya mahindi, hata ya dona, utumbo huipata kwa shida, ndiyo maana karanga zile zilikuwa na uzito mkubwa hivyo.

Iringa ina hatari nyingine. Msimu wa ulanzi, wapo wanaokunywa tangu asubuhi na kusahau chakula. Pombe huzuia utumbo kufyonza vitamini B1. Ubongo ukiikosa, macho huchezacheza, miguu huyumba, fahamu huvurugika. Watazamaji husema amelewa, au amerogwa. Sindano za vitamini hiyo zikitolewa mapema huweza kumrejesha. Zikichelewa, kumbukumbu yaweza isirudi kamwe. Basi mgonjwa wa namna hiyo, kabla ya kuandikiwa rufaa ya kwenda Mirembe, na aulizwe kwanza anakula nini na anakunywa nini.

Wauza vidonge wasifurahi upesi. Mtu anayekula vyema na ana sonona haponywi na chupa ya vitamini. Anahitaji tiba ya sonona yenyewe, na kila mwezi anaoupoteza kwa vidonge humchelewesha. Kwa wengine, maharage, karanga na dona vimo sokoni, ila havipewi hadhi mezani. Dagaa, wenye vitamini B12 isiyopatikana katika nafaka wala mboga, ni suala la bei, nalo halitatuliwi kwa nasaha za kliniki.