Kabla ya mkasi, ureta ionekane

Mama anayetoka visiwa vya Goziba au Bumbire kwa boti, uchungu umemshika tangu juzi, hufika nchi kavu ya Muleba, mkoani Kagera, akiwa hoi, mtoto amekwama na kibofu kimevimba. Apelekwe hospitali ya Rubya, Ndolage, Kagondo au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, wanaompokea wana jambo moja tu kichwani: kuokoa roho mbili. Kizazi kikiwa kimechanika, damu hujaa haraka kuliko gozi zinavyoweza kuinyonya, na daktari hutafuta pa kubana. Ureta huumia katika dakika kama hizo.

Ureta ni mirija miwili, kulia na kushoto, inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Mmoja una urefu wa sentimita 25 hadi 30 na unene wa milimita 3 au 4 hivi. Ubaya ni njia unayopita: chini kabisa ya mshipa mkuu wa damu wa kizazi, sentimita 2 hivi kutoka shingo ya kizazi. Wanafunzi wa udaktari hufundishwa kuukumbuka kama maji yapitayo chini ya daraja. Anayebana mshipa huo kwa kupapasa, ndani ya damu, anaweza kubana na mrija uliopo chini yake.

Ureta ikikatwa, mkojo huanza kuvuja ukeni siku chache baadaye. Mama anabadilisha kanga hii na ile, na majirani wanaanza kunong'ona. Ikifungwa kwa uzi, mambo ni mabaya zaidi kwa sababu ya ukimya wake. Hakuna kinachovuja. Figo ya upande huo inajaa, inavimba na inaweza kufa, na mwenyewe akadhani ni mgongo wa uzazi. Zikifungwa zote mbili, mfuko wa mkojo pembeni ya kitanda unabaki mtupu, na hilo muuguzi wa zamu ndiye wa kwanza kuliona.

Mwaka 2014 madaktari na watafiti watatu, Thomas Raassen, Carrie Ngongo na Marietta Mahendeka, walichapisha hesabu ya wanawake karibu 6,000 waliotibiwa fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo ukeni, kati ya 1994 na 2012 katika nchi 11 za Afrika na Asia, Tanzania ikiwemo. Majeraha 805 kati ya waliyokuwa nayo hayakutokana na uchungu wa muda mrefu bali na upasuaji wenyewe. Kati ya hayo 805, majeraha 273 yalikuwa ya ureta. Manne katika kila matano ya majeraha yote 805 yalitokea kwenye upasuaji wa dharura za uzazi: kujifungua kwa operesheni, kushona kizazi kilichochanika au kukiondoa.

Ni rahisi kuwatupia lawama madaktari wasaidizi, kada ambayo Tanzania ilianza kuifundisha miaka ya 1960 na ambayo imebeba upasuaji wa uzazi wilayani kwa miongo mingi. Lawama hiyo si ya haki. Utafiti uliofanywa Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 haukuona tofauti ya maana kati ya matokeo yao na ya madaktari wenye shahada. Tatizo ni kwamba vyumba vya upasuaji vimeongezeka, hasa baada ya serikali kuanza kukarabati vituo vya afya kwa wingi mwaka 2017, ilhali namna ya kuitafuta ureta inafundishwa kwa haraka na hakuna anayeiulizia tena baada ya mtihani.

Kuna kundi jingine ambalo ureta zao ziko hatarini na halizungumzwi sana huku Kagera: wenye endometriosisi, ugonjwa ambao nyama zinazofanana na za ndani ya kizazi huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 190 duniani wanayo. Mitaani huitwa chango na kutibiwa kwa mizizi. Ikizama ndani, nyuma ya kizazi, hujenga kovu gumu linaloivuta ureta kutoka mahali pake, na wakati mwingine kuibana taratibu mpaka figo inapotea bila maumivu ya ubavu. Daktari anayemfanyia mgonjwa kama huyo upasuaji hawezi kutegemea ramani ya kitabuni. Huanzia juu, kwenye nyama zisizo na kovu, pale ureta inapovuka mshipa mkubwa wa damu uendao mguuni. Akiigusa kidogo hujikunyata, naye huifuata hivyo hadi chini kabla ya kukata chochote. Stenti, yaani kijibomba chembamba kilichotangulizwa ndani ya ureta, humsaidia kuitambua, lakini haijathibitika kuwa kinga inayojitosheleza.

Hapa ndipo hospitali za Bukoba na Muleba zinapoweza kuanza bila kusubiri mashine za mamilioni. Kila mwenye maumivu makali ya hedhi yasiyokoma, na kila anayepangiwa kuondolewa kizazi chenye uvimbe mkubwa, apigwe altrasaundi ya figo pamoja na ile ya kizazi. Mashine ni ileile na dakika ni chache. Na katika faili la upasuaji uongezwe mstari mmoja wa lazima: ureta ya kulia imeonekana au la, ya kushoto imeonekana au la. Akijua atauandika, daktari atatazama. Katika dharura ya damu huenda akaandika "la", na hiyo nayo ni taarifa: mgonjwa huyo asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla figo zake hazijatazamwa.

Kuna watakaosema kuandika hivyo ni kujichongea kesi. Hofu hiyo ndiyo inayofanya mama arudishwe nyumbani na vidonge vya maumivu, wakati ureta iliyogundulika mapema mara nyingi huweza kupandikizwa upya kwenye kibofu na figo ikabaki.

Fundi wa kupandikiza ureta hayuko kila wilaya. Mara nyingi safari ni ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ambayo tangu 2009 imekuwa ikituma nauli za wagonjwa wa fistula kwa M-Pesa. Mwenye figo iliyofungwa kimya kimya havuji, kwa hiyo hata mpango huo hauwezi kumfikia kirahisi. Nauli yake na ya ndugu wa kumsindikiza ingefaa itoke kwenye hospitali ilikofanyika operesheni, siku ileile altrasaundi inapoonyesha figo imevimba.