Mwano Upigwe kwa Ajili ya Mtu Pia

Usukumani mwano, yowe la kuomba msaada, ukipigwa usiku, hakuna anayeuliza ng'ombe ni wa nani. Watu hushika fimbo, hutoka. Ni kwa desturi hiyo vijiji vya Kahama na jirani zake vilianzisha sungusungu, walinzi wa jadi, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo.

Lakini kinachoibwa si ng'ombe pekee. Februari 2015, wilayani Chato mkoani Geita, mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mama yake. Mama alimpigania hadi akakatwa mapanga. Mwili wa mtoto ulipatikana baada ya siku chache, hauna mikono wala miguu.

Mzizi wa mauaji kama haya ni ramli chonganishi. Mchimbaji ambaye duara lake, yaani shimo lake, halitoi dhahabu huambiwa na mganga kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino kitaivuta. Aliyefiwa huambiwa mchawi ni bibi jirani mwenye macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia samadi kavu na mabua kwa sababu kuni hakuna.

Sheria ipo. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, ya 14 inalinda uhai. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu 3 kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa miaka 14 wa Bukombe. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki za watu wenye ualbino. Lakini mahakama huketi mtoto akishazikwa.

Watoto wengine wenye ualbino walipelekwa kituo cha Buhangija, Shinyanga mjini, wakasome na kulala ndani ya ukuta. Waliokolewa, ndiyo. Ila kumtenga mtoto na mama yake ili asiuawe si ulinzi wa kujivunia. Ulinzi ni aishi kwao, atumwe dukani, arudi.

Kwa hiyo wananchi wa Shinyanga na Geita walipeleke jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji ujao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa: mwenyekiti aulizwe kamati iko wapi, na wajumbe wake ni akina nani. Mpiga ramli chonganishi apelekwe polisi. Sungusungu wasindikize watoto, lakini wasimhukumu mtu, maana zipo nyakati walinzi hao nao waliwageukia vikongwe. Mwalimu ampe mtoto mwenye ualbino dawati la mbele, maana haoni ubao vizuri kwa mbali, na amwache avae kofia pana na mikono mirefu hata kama si sare. Na anayemwita mtu "dili" barabarani akemewe palepale, mbele za watu. Hilo ni neno la bei ya mzoga.

Atakayesikia njama dhidi ya mtoto yeyote asisubiri mkutano. Apige 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haina malipo.