VIUMBE VYA MUNGU: Shakwe Mwenyeji na Shakwe Mgeni

Mwalimu mmoja wa pande za Ziwa Victoria atuuliza: shakwe waonekanao mwaloni, je, ni wenyeji au wametoka Ulaya? Watoto wa shule yake wameshindana sana juu ya neno hili, hata wengine wamesema si vibaya kuyachukua mayai ya ndege asiye wa kwetu.

Wako wa namna mbili wafananao. (Yuko na yule mkubwa mwenye mgongo mweusi, naye ni mgeni, lakini huyo hamkosei mtu.) Wa kwanza ni shakwe mwenye kichwa cha kijivu. Huyu huzaa humu humu Afrika, makundi kwa makundi, visiwani na kando ya maziwa. Wa pili Wazungu humwita mwenye kichwa cheusi, ingawa kwa kweli kichwa chake ni rangi ya kahawa iliyokaangwa. Yeye huzaa Ulaya na Asia, naye huja kwetu kukimbia baridi, kisha hurudi kwao mwezi wa Machi au Aprili.

Wakati wa kuzaa kila mmoja huvaa kofia yake, wala hapana shida. Taabu huja kofia zikiisha kuondoka, maana hapo wote wawili wana kichwa cheupe chenye alama nyeusi nyuma ya jicho. Basi litazameni jicho lenyewe. La mwenyeji aliyekomaa ni jeupe-jeupe, la mgeni ni jeusi. Lakini wachanga wa namna zote mbili wana macho meusi, kwa hiyo ni afadhali kungoja ndege aruke. Mgeni ana ukingo mweupe mbele ya bawa mpaka karibu na ncha; mwenyeji ana ncha nyeusi yenye madoa meupe, na chini ya bawa ni rangi ya moshi.

Safari hizi zilijulikanaje? Kwa pete. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavika kwezi pete nyepesi za alumini, na desturi ile ikaenea kwa ndege wengi, shakwe nao. Mtoto akiokota ndege mfu mwenye pete, asiitupe. Amletee mwalimu, iandikwe namba na mahali.

Na yale mayai? Mgeni hatagi ziwani kwetu. Kila yai la shakwe lionekanalo kisiwani humo ni la mwenyeji.